Mechi Mia na Thelathini na Mbili, Kisha Tano

Aprili 4, Ijumaa

Leo nimeanza kazi mpya nikiwa na miaka sitini na mbili. Kwa miaka ishirini na sita nilipika chakula cha mchana cha shule ya msingi hapa Varney, na nilipostaafu mwaka jana nilidhani nitapumzika. Nilipumzika mpaka Oktoba. Tangu hapo nimekuwa nikilipangua kabati lile lile la vyombo kila Jumatatu na kulipanga upya. Ndipo nikaona tangazo la Kambare, klabu ya besiboli ya mji wetu: anatakiwa mtu wa kupandisha namba kwenye ubao wa matokeo, mwenye mikono imara na asiyeogopa buibui.

Miji mingine ina ubao wa taa. Wetu ni wa mbao, umejengwa ndani ya ukuta wa upande wa kushoto wa uwanja, na nyuma yake kuna chumba chembamba kama korido, chenye ngazi na rafu za vibao vya bati. Mtu mmoja anachungulia mchezo kwenye upenyo na kuita matokeo, mwingine anatundika mikimbio, yaani pointi, za kila zamu ya kupiga kwenye tundu la zamu hiyo. Anayeita ni Orrin Dahl, mzee wa miaka sabini na mitatu. Huu ni mwaka wake wa thelathini na nne humo ndani. Mwenzake wa zamani amehamia Arizona kwa mwanawe.

"Umewahi kufanya kazi ya kusimama, Bi Verlene?" aliniuliza.

"Nimelisha watoto mia tatu kila siku kwa miaka ishirini na sita, mzee."

"Hao walikuwa wanakungoja wewe. Mchezo haumngoji mtu."

Tumeshinda tano kwa moja. Mabega yananiwaka moto.

Aprili 9, Jumatano

Mvua. Hakuna mechi. Nimelipangua kabati.

Aprili 20, Jumapili

Baridi ya kukata masikio, watazamaji hawafiki mia mbili. Tumeshinda. Orrin alikuja na chupa ya supu na hakunikaribisha hata tone.

Mei 3, Jumamosi

Nimetundika sita juu chini ikawa tisa, na kwa dakika nzima uwanja wote ukaamini tumefungua pengo kubwa. Karibu na ubao hukaa jamaa mmoja mnene anayeitwa Lyle, fundi wa matrekta, sauti yake kama honi. Akapaza: "Oya, ubao! Hesabu mlisomea jikoni?"

Nikatoa kichwa kwenye tundu la zamu ya nne. "Na wewe ulikula jikoni kwangu miaka sita, Lyle, na ulikuwa unarudia sahani!"

Watu walicheka mpaka mwamuzi akageuka. Orrin naye alicheka. Ni mara ya kwanza nimemwona akicheka. Baadaye alinikaribisha supu.

Mei 18, Jumapili

Tumecheza arobaini, tumeshinda ishirini na nane. Gazeti la mji linasema Kambare hawajawahi kuanza msimu hivi. Nilimwambia Orrin, nikidhani atafurahi. Alikuwa anafuta vumbi kwenye namba tatu kwa mkono wa shati.

"Hizi ni za kupasha misuli," akasema.

"Mechi arobaini ni za kupasha misuli?"

"Zote mia na thelathini na mbili. Septemba, timu mbili za juu zinakutana mechi tano. Anayeshinda tatu anabeba kombe. Nimeingia fainali mara nne nikiwa ndani ya kibanda hiki, nimetoka mara nne mikono mitupu. Nani anakumbuka tulishinda ngapi kabla ya hapo? Hata mimi sikumbuki."

"Basi hiyo ligi yenu haina akili," nikasema. "Mpishi akipika vizuri mwaka mzima wa shule, halafu siku anayokuja mkaguzi viazi vikaungua, utamwita mpishi mbaya?"

"Mkaguzi atamwita hivyo."

"Na watoto je?"

"Watoto hawagawi makombe, Bi Verlene."

Nimefika nyumbani bado nabishana naye kichwani. Mechi tano! Kwa mechi tano hata timu ya wauza bima inaweza kumfunga mtu. Mechi mia na thelathini na mbili ni kwenye joto, kwenye mvua, na majeruhi, na kusafiri usiku kucha kwenye basi. Hapo ndipo unaijua timu. Nitamwambia Jumanne.

Mei 20, Jumanne

Nimemwambia. Amesema, "Kamwambie mkaguzi."

Juni 14, Jumamosi

Sasa nawajua wachezaji kwa migongo yao, maana ndiyo naiona. Almonte, mrushaji kutoka Jamhuri ya Dominika, huinamisha kichwa kabla ya kurusha kama mtu anayesikiliza saa yake. Griggs, mpigaji, mtoto wa mkulima kutoka Nebraska, hukanyaga kila kituo kwa mguu wa kushoto. Tumecheza sitini na tatu, tumeshinda arobaini na nne.

Mvua ilisimamisha mchezo kwa saa moja na nusu, tukabaki wawili kibandani. Nikamuuliza Orrin kama ana familia. Mkewe alifariki zamani. Ana binti mmoja, Marit, yuko Des Moines, anafanya kazi benki.

"Huja kutazama mechi?"

"Marit? Hawezi hata kuuona mpira kwenye televisheni. Ana sababu." Akaongeza, "Harusi yake ilikuwa Septemba. Niliondoka kabla keki haijakatwa. Ilikuwa mechi ya tano."

"Mlishinda?"

"Hapana."

Mvua ilipoisha akaita mchezo kama kawaida. Mimi nilitundika namba nikimfikiria yule bibi harusi, na sikumpenda sana Orrin leo.

Julai 4, Ijumaa

Sikukuu ya Uhuru. Uwanja ulijaa. Mikate ya nyama iliisha kabla ya zamu ya sita. Tumeshinda.

Julai 11, Ijumaa

Wale wadudu weupe wa mto walitoka jana, wote kwa pamoja kama kila mwaka. Walizifuata taa za uwanja mpaka mchezo ukasimama, wakaanguka kama theluji inayonuka samaki. Leo asubuhi tumewazoa kwa koleo. Orrin alikaa kwenye ndoo akipumua kwa mdomo. Nilimwambia amezeeka. Akasema joto.

Agosti 2, Jumamosi

Digrii mia na tatu za Farenhaiti ndani ya kibanda. Vibao vinaunguza vidole. Tumeshinda.

Agosti 5, Jumanne

Tumeshindwa.

Agosti 16, Jumamosi

Lazima niandike hili taratibu.

Zamu ya saba, wageni wamemaliza kupiga. Nilikuwa juu ya ngazi na sifuri mkononi, nangoja aite. Hakuita. Nikatazama chini nikamwona ameegemea rafu, uso umekuwa rangi ya unga uliolowana, kisha magoti yakakunjika akaketi sakafuni polepole, kama mtu aliyeamua tu kupumzika. Nilishuka sijui vipi. Nilimfungua kola, nikamwagia maji ya baridi shingoni. Alizinduka baada ya dakika moja hivi. Neno lake la kwanza lilikuwa: "Umeweka sifuri?"

"Naita gari la wagonjwa."

"Weka sifuri kwanza."

Nje Lyle alikuwa anapiga kelele, "Oya, ubao, mmelala?" Nikaweka sifuri. Niliposhuka, Orrin alinishika mkono kwa nguvu ambayo sikutegemea.

Basi akaniambia yote. Tangu Mei anajua kwamba mlango mmoja wa moyo wake umekakamaa, haufunguki vizuri. Daktari alitaka kumpasua Juni. Yeye akaomba Julai. Julai ilipofika akaomba Septemba. Amepangiwa tarehe ishirini na mbili, siku chache baada ya fainali. Marit hajui.

"Daktari amesema unaweza kungoja?"

"Amesema ninangoja kwa hiari yangu."

"Mzee Orrin, hilo si jibu."

"Sikiliza. Tumeshinda sabini na saba. Mwaka huu ndio wenyewe, hata wewe unaona. Kama nitakufa mezani kwa daktari, nife nimeliona. Miaka thelathini na nne, Verlene!" Ni mara ya kwanza ameniita bila Bi. "Usimwambie Marit. Niapie."

Nikaapa. Naandika hivi ili nisije nikajidanganya baadaye: nikaapa.

Mume wangu, Emmett, aliumwa tumbo mwezi kama huu, miaka kumi na moja iliyopita. Alisema, ngoja tuvune mahindi kwanza. Kisha akasema, ngoja tumalize soya. Novemba tulipokwenda, daktari alituonyesha picha na hakuwa na la kusema. Mavuno yalikuwa mazuri mwaka ule. Watu walikuja mazishini wakayasifu.

Agosti 17, Jumapili

Nimemlazimisha akae kwenye kiti akiita. Amekubali kiti.

Agosti 23, Jumamosi

Tumeshinda. Midomo yake ilikuwa ya bluu kidogo. Au ni mwanga.

Agosti 24, Jumapili

Si mwanga.

Septemba 1, Jumatatu

Nimepata namba ya simu ya Marit kwenye kitabu cha klabu, kwenye nafasi ya "ndugu wa karibu". Nimeinakili kwenye karatasi. Sijapiga. Naiweka hapa ndani ya shajara, naifungua kila nikiandika.

Septemba 7, Jumapili

Ligi imekwisha. Themanini na tisa tumeshinda, arobaini na tatu tumeshindwa. Wafua Vyuma wa Lorimer, wa pili, wamepata sabini na tano. Tumewaacha kwa mechi kumi na nne. Sijui kama kuna mtu mjini anayeelewa maana yake: hiyo ni miezi mitano ya kuamka na kwenda kazini, na kuwa bora kuliko jirani yako karibu kila wiki.

Kamera haikuja hata moja. Meneja alipeana mikono na wachezaji, wakaingia bafuni. Nilitaka kupiga makofi peke yangu kule kibandani, nikaona aibu.

"Hongera, mzee," nikamwambia Orrin. "Ni timu bora uliyowahi kuiitia namba."

"Jumatano tutajua," akasema.

Nilimkasirikia kuliko nilivyotarajia. "Jumatano utajua nini ambacho hukijui leo? Umewafuatilia mechi mia na thelathini na mbili!"

"Nitajua kama walikuwa na kile kingine."

"Kipi?"

Hakuweza kukisema. Alishika kifua, akajifanya anatafuta kalamu kwenye mfuko wa shati.

Septemba 10, Jumatano

Fainali, mechi ya kwanza, hapa nyumbani. Tumeshinda sita kwa mbili. Orrin aliita zamu zote tisa. Watu walipoanza kutoka alisimama, akanipa mkono kama bwana harusi anayeshukuru wageni, akasema, "Bado mbili tu." Kisha akaanguka. Safari hii hakuanguka polepole. Kichwa kiligonga ngazi.

Lyle alinisaidia kumtoa. Yule mtu mnene alimbeba Orrin mikononi hadi kwenye gari lake huku akilia bila kujificha. Hospitalini walimshona paji la uso, wakamweka kwenye dripu, na baada ya saa moja Orrin alikuwa ameketi kitandani akiuliza kesho mchezo unaanza saa ngapi.

"Kesho unatibiwa," nikamwambia.

"Tarehe ishirini na mbili natibiwa. Uliniapia."

Nilitoka chumbani nikasimama koridoni. Ile karatasi ya namba ilikuwa kwenye mkoba, ndani ya shajara, nikapiga. Alipokea mtu mwenye sauti ya utulivu, ya kibenki.

"Marit? Mimi ni Verlene Haskett, nafanya kazi na baba yako uwanjani."

Akauliza, "Amekufa?"

"Hapana. Njoo kabla hajafa."

Septemba 11, Alhamisi

Marit alifika alfajiri. Ni mrefu, ana miaka arobaini na minne, na taya la babake. Alizungumza na daktari dakika kumi, akaingia chumbani kwa Orrin, nikasikia sauti zao kupitia mlango.

"Tangu Mei, Baba? Tangu Mei!"

"Mechi nne tu zimebaki. Labda mbili."

"Kwangu uliondoka kabla ya keki. Sasa unataka kuondoka kabla ya nini?"

Marit alipotoka alisema mzee amekubali. Watampeleka kwenye hospitali kubwa, na watampasua Jumanne asubuhi. Akasema baba yake anataka kuniona.

Niliingia. Orrin alikuwa ametazama dirisha.

"Umenivunjia kiapo."

"Ndiyo."

"Toka."

Nikatoka. Nilikwenda uwanjani nikafanya kazi peke yangu, naita na kutundika mwenyewe, napanda na kushuka. Tumeshindwa nne kwa tatu.

Septemba 13, Jumamosi

Kule Lorimer. Tumeshindwa. Nilisikiliza redioni huku nakaanga vitunguu. Niliviunguza.

Septemba 14, Jumapili

Tumeshinda kwao! Mbili kwa mbili sasa. Mechi ya tano ni hapa, Jumanne, saa saba mchana. Kila mtu anayenijua amenipigia simu, isipokuwa mmoja.

Nimekaa kwenye ngazi za nyuma najiuliza swali baya. Kama ningekaa kimya siku sita tu. Siku sita! Alikuwa ameshangoja tangu Mei. Labda angeweza. Emmett naye labda angeweza, lakini hakuweza, na mimi nimemwokoa Orrin kwa sababu ya Emmett, bila kumuuliza Orrin kama anataka kuwa Emmett. Wakati huo huo najua nikirudishwa pale koridoni nitapiga ile simu tena.

Septemba 16, Jumanne

Nimerudi. Nitaandika yote leo, kabla usingizi haujaniibia.

Saa saba kasoro dakika kumi nilikuwa kibandani peke yangu. Mlango ukafunguliwa, akaingia Marit, amevaa koti la benki na viatu vya benki.

"Upasuaji umeisha saa tano," akasema. "Umekwenda vizuri. Atalala mpaka jioni, wamenifukuza. Jana usiku aliniambia kwa kuwa wamefika mechi ya tano nije hapa. Alisema, 'Yule mwanamke hawezi kuita na kutundika, ataharibu ubao wangu.'" Akatazama buibui, rafu, kiti cha babake. "Sijui chochote. Nifanye nini?"

"Kaa kwenye kiti. Tazama kwenye upenyo. Mwamuzi akinyoosha ngumi, mtu ametolewa, nambie. Mtu akizunguka vituo vyote akakanyaga kile cha nyumbani, nambie."

Almonte alirusha kama sijawahi kumwona akirusha. Zamu tano hakuna mtu wa Lorimer aliyefika hata kituo cha pili. Marit mwanzoni aliita kwa kunong'ona. Kufika zamu ya sita alikuwa amevua koti. Tulipata mkimbio wa kwanza zamu hiyo, akapiga kelele, "Moja! Sisi moja!" kisha akajiziba mdomo, maana alikuwa amesema sisi.

Zamu ya nane wakasawazisha. Ya tisa, kila upande moja. Mbili kwa mbili. Sare hairuhusiwi, wakaongeza zamu. Ya kumi, sifuri na sifuri.

"Nafasi zimekwisha," Marit akasema. "Ubao una zamu kumi tu. Ya kumi na moja inakwenda wapi?"

"Sijui. Tuondoe ya kwanza tuanze upya." Tukang'oa vibao vyote, mikono inagongana.

Lorimer wakapata mmoja. Tatu kwa mbili. Tukaingia kupiga kwa mara ya mwisho, wawili wetu wakatolewa upesi, akitolewa mmoja tena mchezo umekwisha, na watu wengine wakaanza kuchukua makoti yao. Kisha mmoja akapata kituo. Wa pili akapata. Wa tatu akapewa kituo bure, kwa sababu mrushaji wao mkono ulikuwa umemwishia nguvu. Vituo vyote vimejaa. Akaja Griggs.

Hapo nilifanya kitu ambacho sikutegemea. Nilimwomba Mungu. Mimi, niliyesema msimu mzima kwamba mechi moja haisemi kitu, nilisimama na namba nne, ile ya ushindi, kifuani na kuomba, na nisingejali kama mtu angenipokonya ushindi wote themanini na tisa nibaki na huu mmoja. Niliwatazama mashabiki wakiwa wamesimama, elfu tano, hakuna anayepumua, nikaelewa kile ambacho Orrin alishindwa kukitaja. Bado sina jina lake. Ni kwamba hakuna kesho ya kurekebisha, na watu wanaingia pale hivyo hivyo, kwa miguu yao wenyewe.

Griggs akaupiga.

Ulikuja upande wetu. Nyie mnaotazama kutoka vitini hamjui jinsi mpira unavyoonekana ukikujia. Haupandi wala haushuki, unakua tu. Marit alisimama, kiti kikaanguka. Mchezaji wa Lorimer alikuwa anakimbia akiupa uwanja mgongo, akaufikia ukuta, akaruka. Kibanda kizima kikatikisika. Glovu yake ilifika mbele ya tundu la zamu ya nne, karibu na uso wangu kiasi kwamba ningeweza kuigusa kwa kidole, na mpira ukaingia ndani yake. Niliziona nyuzi nyekundu za mpira zikizunguka mara moja, kisha zikatulia.

Alianguka nao. Hakuuachia, na mpira ukidakwa kabla haujagusa chini, mpigaji ametolewa.

Tatu kwa mbili. Wamebeba kombe.

Uwanja ulinyamaza mpaka nikasikia bendera ikipigwa na upepo. Marit alikuwa ameketi sakafuni kwenye vumbi na sketi yake ya benki, analia kwa kwikwi.

"Kumbe ndicho hiki," akawa anasema. "Kumbe ndicho alichokuwa anakifuata. Kila mwaka. Mjinga. Mzee mjinga."

Nilikaa karibu naye. Sikushusha vibao.

Septemba 17, Jumatano

Mvua. Nimekwenda kununua maziwa. Muuzaji amesema, "Pole, basi ni msimu uliopotea." Nimemwacha na chenji yake.

Septemba 19, Ijumaa

Marit alipiga simu asubuhi: "Anakutaka. Usiulize kama ni kwa hasira au kwa upendo, mimi sijui."

Ni mwendo wa saa moja kwa gari, kati ya mahindi yaliyokauka na mashine zilizoanza kuvuna. Nilimkuta ameegemezwa mito, mwembamba, bomba puani, lakini midomo yake ni ya rangi ya midomo. Marit alitoka akatuachia chumba.

"Tatu kwa mbili," Orrin akasema.

"Tatu kwa mbili."

"Marit amejaribu kunihadithia. Anasema mtu aliruka. Hajui hata jina la mtu aliyeruka." Akavuta pumzi, na nikaona inamuuma. "Basi, kama tulishindwa, hujaninyima kitu. Nimelala nikaikosa aibu ya mara ya tano. Tuseme hivyo, tuachane na hayo."

Alikuwa ananifungulia mlango. Ningepita tu. Angenisamehe pale pale, na mimi ningerudi nyumbani nikalala usingizi.

"Hapana, Orrin," nikasema. "Nimekunyima. Ilikuwa mechi nzuri kuliko zote nilizowahi kuona, na sidhani nitaona nyingine. Ilikuja mpaka kwenye tundu letu. Wewe ndiye ulistahili kuwa pale, na mimi ndiye niliyekutoa."

Mashine ya pembeni ilikuwa inahesabu mapigo yake, moja moja, bila haraka.

"Ningekufa pale kibandani," akasema.

"Huenda."

"Sijui nikushukuru au nikufukuze tena."

"Fanya yote mawili. Nina mchana mzima."

Karibu acheke, akajishika kifua. Kisha akafumba macho na kusema, "Anza zamu ya kwanza. Usiruke mtu."

Nikavuta kiti. Nilimhadithia kila mrusho niliouweza, na pale nilipokosea alinirekebisha, ingawa hakuwepo. Muuguzi aliingia akasema dakika kumi nilizoruhusiwa zimekwisha. Orrin akamwambia bado tuko zamu ya tatu, na yule dada akaturuhusu. Nilipofika kwa Griggs alikuwa amefumbua macho.

"Simama. Nionyeshe juu kiasi gani."

Nikasimama katikati ya chumba, nikanyoosha mkono.

"Aliudaka kihalali? Haukugusa ukuta?"

"Kihalali. Niliona nyuzi."

Akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo ambao ameubeba njia nzima na sasa hautaki tena wala haudai.

"Tulikuwa bora kuliko wao," akasema. "Mechi kumi na nne mbele, Verlene. Sijawahi kuona timu kama ile."

"Na walitushinda," nikasema.

"Na walitushinda."

Nje ya dirisha mtu alikuwa anasukuma kiti cha magurudumu kwenye jua. Baada ya muda Orrin alilala, mdomo wazi, na nikabaki pale namsikiliza akipumua mpaka Marit aliporudi.